Shangazi, Mume Wangu Hakuapa

Mwamapalala,
Itilima, Simiyu.
Jumapili, 9 Machi 2025

Mpendwa Shangazi Domitila,

Shikamoo. Mwangaluka, sengi wangu. Hivyo ndivyo marehemu baba alivyotufundisha kukuamkia, wewe dada yake wa pekee, na hata leo nikiwa na hasira siwezi kuanza bila salamu hiyo. Mguu unaendeleaje? Nilisikia sukari imeshuka, nikamshukuru Mungu. Na mvua huko Morogoro zimeanza, au bado mnatazama mawingu tu? Sisi huku wazima. Pamba imeshika, mahindi ya mwanzo tumeanza kuchoma, na mimi nimenenepa hadi gauni la send-off halifungi nyuma.

Nimenenepa kwa furaha, shangazi. Acha nikwambie hata kama hutaki kusikia. Mayige akiwa anarudi kutoka kwenye banda lake la kutengeneza pikipiki, naujua mlio wa pikipiki yake kati ya zote, na moyo unaruka kama wa msichana wa kidato cha pili. Ananuka oili. Siku hizi naipenda harufu ya oili, nikiisikia gulioni nageuka. Jioni ananichotea maji mwenyewe. Wanaume wenzake wanamcheka kisimani, naye anawajibu, "Chekeni tu, wake zenu wameshawazoea. Wangu bado ananishangaa." Ni kweli, bado namshangaa.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yangu hupokei, na siku moja uliyopokea ulinikatia kabla sijamaliza shikamoo. Karatasi unaweza kuikunja au kuitupa, lakini haitakatika katikati ya neno.

Ile sauti uliyoituma kwenye grupu la ukoo nimeisikiliza mara nyingi kuliko nyimbo za harusi yangu. Ulisema hivi: "Mtu asiye na Mungu ni gari lisilo na breki. Leo atakuchekea, kesho atakupiga, keshokutwa ataleta mwanamke mwingine, na hakuna wa kumuuliza kwa sababu hamwogopi yeyote." Kisha ukamalizia, "Benedikta asikanyage nyumba ile mpaka huyo kijana abatizwe."

Benedikta ni mama yangu, shangazi. Tangu baba afariki, neno lako kwake ni neno la baba. Siku ile ulipompigia alikuwa ameshafika stendi ya Bariadi, kikapu mkononi, anakuja kuona ninavyoishi. Akageuka, akapanda basi la kurudi Ipililo. Mimi huku nilikuwa nimefagia uwanja mara mbili na kuazima vikombe. Nilikaa mlangoni hadi kuku wakaingia kulala. Miezi ikapita, mama hajauona mlango wangu, na sababu ilikuwa wewe. Sitakuficha kwamba nimekuchukia kwa hilo.

Mayige aliisikia sauti yako. Alicheka, akasema, "Shangazi yako hajui magari. Breki anafunga fundi, lakini anayezikanyaga ni dereva." Nikamwambia, "Na fundi ni Mungu." Akasema, "Basi zangu alizifunga vizuri, mwambie asante." Ndivyo tunavyoishi. Siku tulipoanza urafiki aliniambia wazi, "Nimetafuta sijaona. Nikiona, wewe utakuwa wa kwanza kuambiwa." Jumapili ananipeleka kanisani, ananisubiri nje, anakaza minyororo ya baiskeli za wanakwaya bila kuombwa. Nilimuuliza kwa nini asiingie tu akakaa nyuma. Akasema, "Nikipiga magoti nitakuwa nawadanganya." Paroko mwenyewe alimwelewa. Alituombea ruhusa kwa askofu, tukafunga ndoa Desemba mbele ya altare. Ungekuja ungeona.

Na ulipaswa kuja. Shangazi ndiye anayeambiwa mambo ambayo mama haambiwi. Wewe ulibaki Morogoro, ukawaachia watu baki kazi ya kunifunda. Basi nitakuambia sasa. Miaka yote ya uchumba Mayige hakunigusa. Nilikuwa nimeweka ahadi kanisani nikiwa kidato cha nne, nikamweleza nikidhani atacheka. Alisema, "Hiyo ahadi ni yako na Mungu wako. Yeye simjui, lakini wewe nakujua, na sitaki kuwa mtu aliyekufanya uivunje." Kuna jioni, shangazi, mimi ndiye niliyekuwa dhaifu. Yeye ndiye aliyesimama, akawasha pikipiki, akanirudisha nyumbani. Yule kijana wa kwaya uliyeniletea wewe, mwenye rozari shingoni, siku ya pili tu ilibidi nimng'ate mkono. Halafu unanifundisha habari za breki?

Sasa habari ya mpunga, ambayo umeipinda hadi siitambui. Umewaambia watu kwamba ng'ombe wa mpagani wamekula shamba la mjane na mwenyewe amekamatwa. Hakukamatwa. Nilikuwepo.

Ilikuwa Januari. Mvua kubwa ilinyesha usiku, na kulipokucha tukasikia yowe kutoka mbugani, kwenye mashamba ya mpunga. Alikuwa jirani yetu Mama Minza, mjane uliyemtaja. Majaruba yake mawili yalikuwa yameliwa na kukanyagwa mpaka yakawa tope tupu. Nyayo zilikuwa zimesombwa na mvua, na ng'ombe wa zizi lolote la upande huu wangeweza kuwa ndio. Mzee Shigela, mwenyekiti wetu wa kitongoji, aliwaita wenye mazizi wote palepale shambani, akasema kila mmoja aape kwa kile anachokiogopa. Wakristo waliapa kwa Biblia ya Mama Minza. Wengine walishika mpini wa jembe wakataja majina ya baba zao waliokufa. Mmoja baada ya mwingine, hadi ikabaki zamu ya Mayige.

Mboje, yule mwenye duka la pembejeo, akapaza sauti, "Huyu ataapia nini sasa? Mpeni spana!"

"Spana namba ngapi?" mwingine akadakia. Watu wakacheka pamoja na uharibifu wote ule.

Mayige naye alitabasamu. Kisha akasema, "Wekeni chini Biblia. Ni ng'ombe wangu."

Akaendelea, "Jana jioni nilifunga lango la zizi harakaharaka. Mti wa chini sikuupachika. Leo nimeukuta chini, ng'ombe wana tope hadi tumboni. Yowe limelia nikiwa bado nawahesabu."

"Haraka ya nini, kijana?" Mzee Shigela akauliza.

Akajibu mbele ya watu wote, na baba mkwe wangu akiwepo, "Mwenyekiti, nina mke mpya."

Nilitamani ardhi ipasuke. Wanawake walipiga vigelegele. Hata Mama Minza aliyekuwa analia alijikuta anacheka huku anajifuta kwa khanga. Mimi nilijifunika uso, lakini chini ya khanga yangu, shangazi, nilikuwa namwambia Mungu, huyu ni wangu, huyu ni wangu.

Sasa kaa ufikiri kidogo, wewe unayependa kufikiria dhambi za watu. Kati ya wote walioitwa pale, ni mmoja tu ambaye kiapo cha uongo kisingemtisha. Wenzake waliogopa moto, au laana ya marehemu. Yeye angeweza kuigusa Biblia ile, akasema si wangu, akarudi nyumbani akanywa chai. Nyayo hazikuwepo, shahidi hakuwepo, na kwa mvua ile kila zizi lilikuwa na tope. Hata mimi nilikuwa sijui. Huyo ndiye aliyesema. Simwiti malaika. Jioni ile haraka ilimshinda, na chanzo cha haraka nilikuwa mimi. Lakini kosa lilipouliza mwenyewe ni nani, aliitika. Ni wangapi kwenye grupu letu la ukoo wanaoitika?

Alikubali kuyapanda upya majaruba yale kwa mikono yake, na mavuno ya Mama Minza yakipungua tumjazie kutoka kwetu. Wenzangu wananionyesha picha za fungate zao hotelini. Fungate yangu ilikuwa kwenye majaruba ya Mama Minza. Nilikataa kubaki nyumbani. Tuliingia tope hadi magotini, miche ya mpunga mkononi, tunarudi kinyumenyume bega kwa bega. Ruba aliniganda mguuni nikapiga kelele, Mayige akanibeba hadi kwenye tuta kama vile nimeng'atwa na mamba. Akiinama anaimba, na anaimba vibaya, shangazi, kweli hilo Mungu alimnyima. Jioni tulirudi viuno havina kazi, tukanawa kwenye beseni moja. Sijawahi kupendwa hivyo, na sidhani kama kuna hoteli ningeibadilisha na tope lile.

Wiki mbili zilizopita mwanao Josia alikuja kutoka Maswa na ujumbe wako. Nilimpikia chai, akakaa, akauliza kuhusu pamba, halafu akautoa. Mayige aandikwe miongoni mwa watakaobatizwa Pasaka hii.

"Mama anasema aingie tu majini, mambo yaishe," Josia akasema. "Imani itakuja baadaye. Na isipokuja, nani atajua? Mama mkwe atakuja, ukoo utatulia."

Mayige akamuuliza taratibu, "Josia, wewe unaamini Mungu anaona?"

"Naamini, shemeji."

"Basi yeye atajua."

Josia akakoroga chai ambayo ilishakorogwa. Kisha akanigeukia mimi, akijua mimi ndiye mlango. Na ni kweli, shangazi. Ubatizo wa Mayige ninautaka mimi kuliko wewe. Kila usiku natamka jina lake kwenye sala, naye akiwa macho ananisikia, na nikisinzia mapema ananigusa, "Hujanitaja leo." Ningesema neno moja, "Mpenzi, fanya kwa ajili yangu," angetetereka, kwa sababu ananipenda kupita kiasi. Nilijua pia kwamba nikikataa, nimemkosa mama.

Nikasema hapana. Siku akiingia majini nataka awe ameingia yeye, si koti lake. Uliutaka uongo mbele ya altare, wewe mwenyekiti wa jumuiya, halafu ukauita wokovu. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Josia alipoondoka nililia hadi nikashindwa kusonga ugali. Mayige aliusonga yeye, ukatoka na mabonge, tukaula hivyohivyo.

Jambo la mwisho sitaki ulisikie kwa mtu. Mama alikuja Alhamisi.

Josia alikuwa amepitia Ipililo kumweleza yote, akitumaini mama atatushawishi. Mama alikaa na habari hiyo, hakumwambia mtu, kisha akapanda basi. Nilikuwa naanika nguo nikamwona anakata uwanja. Nilibaki na gauni bichi mkononi. Yeye ndiye aliyenifikia.

Mayige alipofika kutoka kazini alisimama nje ya mlango kwa heshima ya mkwe, macho chini, akaamkia. Mama alikuwa ndani, amempa mgongo, kama inavyotakiwa. Akaniambia mimi, kwa sauti ya kusikika hadi zizini, "Muulize mumeo. Siku ile ya mpunga, mtu asiyemwogopa Mungu aliogopa nini?"

Mayige alikuwa hatua chache tu, amesikia kila neno. Hata hivyo nilirudia, maana ndivyo adabu ilivyo.

Akafikiri. "Mwambie mama, niliogopa kukutana na Mama Minza kisimani. Leo, kesho, kila siku."

Nikaona mgongo wa mama unatikisika, sikujua analia au anacheka.

"Mwambie," akasema, "ameogopa vizuri."

Halafu akaomba maji ya kunawa, akala chakula cha nyumba yangu.

Kwa hiyo, shangazi, sikuandikii kukuomba ruhusa. Imeshapita. Mama analala nyumba ya wakwe zangu, ng'ambo ya uwanja, na leo asubuhi tulikwenda naye misa, watatu kwenye pikipiki moja, yeye nyuma kabisa anatukemea mwendo. Amri yako aliyeivunja ni yule uliyempa. Ukitaka kuifuta sauti yako, ifute kwenye grupu lilelile ulikoituma, wote wasikie. Usinipigie mimi pembeni kunibembeleza, sitapokea. Utajua inavyouma.

Msalimie mjomba Marcelo, mwambie vitenge alivyotutumia vimeshonwa na vimependeza. Msalimie Lukresia na wanawe wote. Baba mkwe wangu anakusalimu, anauliza lini atakuona. Mayige anakusalimu na kukutakia afya, na amenisihi nipunguze ukali wa barua hii, nimekataa. Mama anakusalimu. Amesema nisiongeze neno lingine juu ya salamu hiyo.

Mungu, ambaye mimi na wewe tunamwamini, akuponye mguu na akulainishe moyo. Aanze na lolote atakaloliona jepesi.

Ni mimi, binti wa kaka yako, ninayekupenda hata nikikukasirikia,

Joyness