Mke Wangu Amefariki, Kikapu Chake cha Mboga Bado Kinakuja

Dada Everlyne, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi basi pokea salamu zangu tu. Mimi naitwa Faridu, ni fundi seremala hapa Mugumu, nina miaka hamsini na sita, na jambo ninalokuandikia sijamwambia mtu, binti yangu peke yake ndiye analijua kwa sababu aliligundua mwenyewe, kwa hiyo nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu.

Mke wangu Mwanne aliumwa uvimbe wa titi, alinificha karibu mwaka mzima, akawa anajipaka dawa za majani huku akiniambia ni bega linauma, na tulipofika hospitali Mwanza madaktari walifanya walichoweza lakini walisema tumechelewa. Tuliporudi nyumbani hakuweza tena kwenda sokoni na chakula kilikuwa hakimpiti, ndipo akasikia kwa jirani kwamba kuna mama wa Natta anaitwa Mama Waisiko, analima mboga na anaandikisha watu wa mjini, unalipa mwanzo wa masika halafu kila Jumamosi kwa wiki kumi na sita unaletewa kikapu cha chochote kilichokomaa shambani, wewe huchagui, wiki hii mchicha na nyanya, wiki ijayo kunde na majani ya maboga. Mimi nikamuuliza, tutalipiaje vitu ambavyo hata havijaota? Akaniambia, "Baba Ikram, nataka kitu cha kusubiri." Nikalipa.

Mama Waisiko alikuja mwenyewe kumwandikisha, akakaa naye mchana kutwa, nilikuwa nasikia vicheko vyao mpaka kwenye karakana yangu, na hiyo ndiyo siku pekee waliyoonana. Yeye hana simu, anatumia ya Mogesi, mtu wa bodaboda anayeleta vikapu, na huyo Mogesi ananikabidhi pale stendi anageuza kurudi Natta, kwangu hajawahi kufika. Basi wakawa wanaandikiana kwa vikaratasi. Kila kikapu kilikuwa na kikaratasi chini ya mboga, kimeandikwa kwa mfano, "Mwanne mwenzangu, huu ni mgagani, sisi Wakurya tunauita chinsaga, uchemshe, umwage maji, halafu utie maziwa, uchungu utaisha." Mwanne anaandika majibu nyuma ya karatasi hiyo hiyo, mimi narudisha kikapu kitupu na karatasi ndani, na kuanzia Alhamisi alikuwa ananiuliza Jumamosi ni lini.

Mwanne alifariki Jumatano ya wiki ya saba, tukamzika siku hiyo hiyo alasiri. Jumamosi watu wamejaa uani kwangu, Mogesi akapiga simu kama kawaida, nami nikaenda stendi, nadhani nilitaka tu kupumua nje ya ile nyumba. Karatasi ilisema, "Leo nimekuwekea karoti za kwanza, ndogo lakini tamu, zitafune mbichi." Nilizitafuna mimi, nimesimama karakanani, zote. Kikapu nilirudisha bila neno. Jumamosi iliyofuata akaandika, "Mbona kimya, Mwanne, au nimekukosea?" na hapo ndipo nilipopotea, dada yangu, kwa sababu nilichukua penseli yangu ya kazi na karatasi nyingine, ile yake nibaki nayo, nikaandika, "Hujanikosea, nilichoka tu. Karoti ni tamu."

Tangu hapo nimemwandikia mara sita kwa jina la mke wangu. Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa najiuliza Mwanne angesema nini, halafu naandika, na kwa ile dakika ninayoandika anakuwa kama yupo chumba cha pili. Nilikuwa sijui kupika hata chai, sasa napika kwa maelekezo ya Mama Waisiko, nikiunguza namuuliza kwa jina la Mwanne nimekosea wapi, naye ananijibu. Ikram, binti yangu aliyeolewa Nyamongo, alikuja kunisalimia akakuta karatasi kwenye kopo la misumari. Akazisoma zote, akaniuliza, "Baba, mama umemzika au hujamzika?" Akalia, akaondoka bila kunywa hata maji.

Ningeacha, lakini sikiliza kilichokuja Jumamosi ya wiki juzi. Mama Waisiko ameandika kwamba na yeye ameona uvimbe kwenye titi, upande wa kushoto, ana mwezi nao, hajamwambia mume wala dada zake, anamwambia Mwanne peke yake kwa sababu Mwanne amepita huko, na anamuuliza aende hospitali au aanze na dawa za majani. Na mwisho akasema baada ya wiki mbili, yaani Jumamosi hii, atakuja na kikapu mwenyewe, ajibiwe ana kwa ana.

Nina karatasi hiyo kwa siku tisa. Jumamosi iliyopita nilirudisha kikapu kitupu kabisa. Nikimwambia Mwanne amekufa, na amekufa kwa ugonjwa huo huo, naogopa atakata tamaa asiende popote. Nikinyamaza, atafika mlangoni kwangu na kumuulizia marehemu. Nifanye nini?

Faridu, Mugumu

*

Faridu kaka yangu, pole sana. Barua yako niliisoma Jumatatu asubuhi na nikakujibu kwa simu kabla ya saa sita, kwa sababu hiyo Jumamosi yako haikuweza kusubiri siku ya gazeti. Hiki ndicho nilichokutumia, na wasomaji wakione.

Karoti zile ulizokula umesimama, hakuna wa kukulaumu. Karatasi ya kwanza uliyoandika, naielewa pia, mtu akiwa na msiba wa siku kumi mkono wake haumsikilizi. Lakini ya sita, Faridu, ulikuwa na akili zako timamu. Ulikuwa unamdanganya mwanamke ambaye kosa lake ni kumpenda mke wako, na ulikuwa unajua.

Kuhusu ile karatasi ya uvimbe, hapo sitakubembeleza. Siku uliyoisoma ulitakiwa kupanda pikipiki kwenda Natta. Wewe umekaa nayo siku tisa. Mke wako alikuficha ugonjwa, ukaona mwenyewe kilichotokea, na sasa unaukalia ugonjwa wa mtu mwingine kwa njia ile ile. Unasema unaogopa atakata tamaa. Mimi sijui atafanya nini, na wewe hujui. Lakini kuna jambo unalolijua ambalo pale Natta hakuna mwingine wa kumwambia: Mwanne alijitibu kwa majani karibu mwaka mzima, na huo mwaka ndio uliomponza. Mama Waisiko ana mwezi mmoja. Tena uvimbe wake huenda hata si ugonjwa ule, uvimbe wa titi uko wa namna nyingi, na anayeweza kusema ni daktari, si wewe wala mimi.

Kwa hiyo nenda kesho. Usingoje aje, maana atakuwa amebeba kikapu na furaha, na utamwangusha mlangoni kwako mbele ya majirani. Leo hii mpigie Ikram, umwombe muende pamoja. Usimwagize, mwombe. Ukifika kwa Mama Waisiko, sema habari ya kifo kabla hujakaribishwa kiti. Sema tarehe. Kisha sema kwamba aliyekuwa anaandika ni wewe, na umkabidhi karatasi zake zote, maana ni siri za mwanamke alizompa mwanamke mwenzake. Usiseme ulifanya kwa ajili yake, ulifanya kwa ajili yako. Mweleze jinsi Mwanne alivyochelewa, usipunguze. Halafu toka nje umwache na Ikram, na Ikram ndiye aende naye hospitali. Siku hiyo usimwombe akusamehe. Atakuwa na msiba mpya, mwache aulie.

Na neno la mwisho. Ikram naye amefiwa. Wewe ulikuwa na pa kuandika, yeye hakuwa na pa kusemea. Mkiwa njiani, mtaje mama yake kwa sauti, hata kama ni kwa habari za mboga ulizounguza.

Everlyne

*

Faridu alinitumia maelezo haya wiki mbili baadaye. Mama Waisiko ameruhusu yachapwe pamoja na majina, ili wanawake wengine wasikie.

Dada Everlyne, tulikwenda. Ikram alikuja kutoka Nyamongo na gari la alfajiri, na njiani nilimsimulia nilivyotia maziwa kwenye mgagani kabla ya kumwaga maji nikala hivyo hivyo siku mbili. Akacheka mpaka akalia, nami nikalia, dereva akatuangalia kwenye kioo.

Tulimkuta Mama Waisiko shambani, anapalilia vitunguu. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kama ulivyosema. Akakaa chini pale pale kwenye tuta. Akauliza, "Lini?" Nikamtajia tarehe. Akahesabu kwa vidole taratibu, halafu akasema, "Basi zile karoti hakuzila." Nikasema hapana, nilizila mimi, na majibu yaliyofuata niliyaandika mimi, nikamkabidhi karatasi zake. Akaniambia niende nikae kivulini huko mbali asinione, nikaenda. Yeye na Ikram walikaa pale mpaka jua likahama. Nilimsikia analia, kwa sauti, kwa Kikurya, anamtaja Mwanne.

Kesho yake Ikram alimpeleka hospitali, mumewe naye akaenda, maana alimwambia jioni ile ile. Wamemchukua kipimo, majibu yametoka: ni ugonjwa, ila ni mdogo na umewahiwa, na daktari amempa tarehe ya kufanyiwa upasuaji Mwanza mwezi ujao. Anaogopa. Ikram atakwenda naye, wamepanga wenyewe, mimi sikuulizwa.

Jumamosi ya mwisho wa msimu kikapu kilikuja, na Mama Waisiko alikileta mwenyewe, mpaka kwangu. Sikutegemea. Aliomba aoneshwe kaburi, Ikram akampeleka. Waliporudi nikawapikia kunde, wakala, hawakusifu wala hawakulalamika. Alipotaka kuondoka alitoa daftari lake la watu wa msimu ujao, akaniuliza jina langu kamili, kwa sababu humo nyumba yetu imeandikwa kwa jina la Mwanne. Nikamtajia. Akaliandika chini ya la mke wangu, polepole, na la juu hakulikata.