Kilio Kilichopelekwa Barazani

Kalangalala, Geita

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu umepoa na mtama umeota vizuri huko Samuye. Mimi mwili ni mzima, ila moyo mzito.

Baba Kulwa, jirani yangu wa hapa kambini mgodini, yule aliyeoa binti wa hapo kijijini kwetu, amefariki. Alikuwa na homa kali. Nilisimama naye alipomwomba nyapara ruhusa aende hospitali. Nyapara akamjibu, "Huna homa, una uvivu. Shuka shimoni." Akashuka. Jioni tulimpandisha maiti.

Siku ya mazishi Mama Kulwa alimlilia mama yake, "Mayu wee!" kisha akamtaja nyapara kwa jina mbele ya watu: "Umeniulia mume wangu!" Nyapara akamshitaki barazani kwamba amemchafulia jina. Mama, mtu kushitakiwa kwa kilio chake!

Nilikwenda kutoa ushahidi, nikasema niliyoyasikia. Hakimu alitusikiliza vizuri, simlaumu sana. Akamwambia, "Mama, kusema alimnyima ruhusa ni haki yako, shahidi yupo. Kusema ameua, hilo hukulithibitisha. Huenda homa ingemuua hata kitandani." Akaamuru ayafute maneno hayo palepale makaburini.

Tukaenda. Mama Kulwa alikuwa na pacha mmoja mgongoni, mwingine nimemshika mimi. Akasema polepole, "Nimeamriwa niseme kwamba huyu hakumuua mume wangu. Haya, nimesema. Mume wangu aliumwa. Aliomba ruhusa. Huyu alimnyima. Mume wangu amefia shimoni."

Nyapara aligeuka huku na huku, hakuona la kushitaki. Hata hivyo hatukufurahi. Kesho yake alikuwa kazini kama kawaida, na mimi nikaambiwa nirudishe taa na koleo, kazi yangu imekwisha. Sasa nabeba magunia kwa wenye maduka.

Mama Kulwa anakuja huko na lori. Wazazi wake hawapo tena, kwa hiyo nimemwambia afikie kwako. Nisalimie kaka anayechunga ng'ombe wa babu, na shangazi aliyeninyoa nilipoondoka.

Mama, akifika usimwambie anyamaze. Tangu siku ya baraza hajalia tena. Anauogopa mdomo wake mwenyewe. Mwache alie, na amtaje amtakaye.

Mwanao anayekuwaza,
Masanja