Gunia la Mchele kwa Mjomba

Salamabila, 4 Septemba 2024

Kwa mpwa wangu Hidaya,

Salamu nyingi. Hapa tu wazima, ila mguu unanisumbua tangu mvua zianze. Watoto hawajambo? Gunia la mchele, kodi ya Agosti, nimelipokea kwa Dady wa pikipiki. Ahsante.

Sasa nisikilize. Nyumba yangu ya Kasongo utoke mwisho wa mwezi huu. Wanunuzi wa dhahabu wananipa dola. Usinililie eti uliezeka paa. Ulijiezekea kichwa chako. Nilikukaribisha kama mgeni, na mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Wewe umekaa miaka sita!

Mjomba wako, Moustapha

Kasongo, 15 Septemba 2024

Asalaam aleikum mjomba,

Mguu ukande kwa maji ya chumvi. Watoto hawajambo, hasira tu ndiyo inaniuma.

Sitoki. Mgeni gani anatoa gunia kila mwezi? Nipe miezi mitatu kama sheria inavyotaka, au nishitaki.

Mpwa wako, Hidaya

Salamabila, 20 Oktoba 2024

Mpwa wangu,

Salamu. Mchele wa Septemba umefika, hauna hata jiwe moja. Mke wangu ameusifu, ahsante.

Nimekushitaki. Kesi ni tarehe 19 Novemba, huko huko Kasongo. Nitamwambia jaji hujanilipa hata punje. Una karatasi gani? Mtu na mjomba wake waandikiane mkataba? Usipokuja ndiyo heri, nitashinda kabla jua halijapanda.

Mjomba wako, Moustapha

Kasongo, 2 Novemba 2024

Asalaam aleikum mjomba,

Nashukuru mchele umependwa.

Nitakuja, tena mapema. Mama Célestine, anayewasaidia wapangaji wenye kesi, amenikataza kukuandikia haya, lakini mdomo wangu unaujua. Aliniambia: siku ya kesi usikose, na usiende na maneno matupu. Basi Dady atakuja kueleza magunia aliyobeba. Jirani yangu Léontine aliona mabati niliyonunua yakipanda juu. Nikasema karatasi sina. Akauliza, "Mujomba wako hakukuandikiaka hata barua?"

Nikamletea barua zako zote. Akasoma salamu tu, akavua miwani, akasema zinatosha. Zaidi ya sabini, mjomba! Ulilelewa vizuri: hata ukitaka kutukana, unashukuru kwanza. Kila moja ina mchele, mwezi wake na jina lako. Nimezipanga kwa tarehe, nakala za jaji na nakala zako, na hii ya mwisho iko juu.

Nimelia nilipozipanga, maana karibu katika kila moja umewaulizia watoto wangu. Lakini hao watoto hawatalala nje. Futa kesi, mjomba, tusiaibishane mbele ya watu.

Mpwa wako, Hidaya

Salamabila, 6 Desemba 2024

Bi Hidaya,

Jaji amesema wewe ni mpangaji, ukae. Basi kaa.

Gunia moja la Novemba limepokelewa.

Moustapha, mwenye nyumba