Kitabu cha Nne Kimefika, Kabula

Kabula mwanangu,

Ni mimi mama yako. Nakula, ila sijui chakula kina ladha gani. Baba yako amerudi Geita mgodini. Huko uliko unajifunika? Homa ilikuchukua ukiwa unatetemeka, na mimi bado nawaza baridi tu.

Matanga tumeyaondoa. Shangazi yako akagawa nguo zako, kama ilivyo desturi. Alipovifikia vile vitabu vyako vitatu vya yule binti anayeishi na majini chini ya ziwa, nikamwambia hivi ngoja, nivisome kwanza. Akanitazama. "Wifi, wewe na hicho kidole chako cha kufuata herufi? Utavimaliza mtama ukishavunwa mara mbili!" Watu wakacheka. Na mimi nadhani nilicheka.

Zamani ulinisomea nikisaga. Sasa nasoma mwenyewe, kwa herufi za lile darasa la akina mama misheni. Kitabu cha kwanza binti ni mdogo, anabebwa na sungura, na maneno ni mafupi, hayakunisumbua. Cha pili anang'oka meno. Cha tatu anagombana na mama yake, anaondoka bila kuaga, na maneno nayo yamekuwa marefu, natafuna moja mpaka maharage yanaungua. Uliponisomea hapo uliniambia, "Mama, usimchukie, amekua tu." Wewe mwenyewe ulikuwa umeanza kunijibu siku hizo. Ugomvi wao nimeusoma wote. Sikulia. Nilitaka usiishe.

Halafu juzi yule Mhindi mwenye duka pale Maganzo akaniita. "Mama Kabula, mwambie binti kitabu chake cha nne kimefika." Hakuwa na habari. Nikasema ahsante, nikakichukua.

Kwenye jalada yule binti amechorwa akiwa mtu mzima, ana mtoto mgongoni. Nikakifunika kwa kanga. Niliona nikikifungua tu atakuzidi umri, aende zake, wewe ubaki nyuma peke yako. Na Shangazi anakuja Jumapili kuvichukua vyote.

Leo asubuhi nimekifungua. Nimekaa mlangoni, nimesoma ukurasa mmoja kwa sauti, watu wakipita. Binti amerudi kwao na mwanawe. Mama yake hajamtambua bado.

Shangazi nitamwambia asubiri. Akikasirika, basi. Nitakusomea mpaka mwisho, Kabula, na hata yule binti akizeeka humo ndani nitakusomea uzee wake.

Kwaheri, mwanangu.

Mama yako