Ukuta Nilijenga Mi Mwenyewe

Ijumaa. Mvua tangu asubuhi. Mugongo inauma, lakini nacheka peke yangu kama kichaa.

Kazi yangu ni kubeba matofali na kukoroga simenti. Wiki hii chantier, pahali tunajenga, ni musikiti yetu, hapa mutaa ya Buyenzi. Shehe alitoa pazia ya wanamuke, akataka ukuta. Eti pazia inapeperuka, wanaume wanasahau sura wanayosoma.

Kuna Kalasinga moja anatengeneza mashini ya simenti, ilikufa tangu juzi. Akaniuliza: "Mama, ukuta hii inazuia nini?"

"Inanizuia mi."

"Na ni we unaijenga?"

"Ndiyo. Lete maji."

Akasema kwenye hekalu yao wanamuke wanakaa salle moja, ukumbi moja, na wanaume, na mwanamuke anaweza kusoma kitabu yao mbele ya wote. Nikamwambia anyamaze, simenti inakauka.

Lakini iliniingia.

Maana leo ilikuwa siku yangu. Nilimuomba Shehe, baada ya swala, amuombee marehemu mume wangu, Yusufu. Risasi ilimukuta akitoka kazini, mwaka ule mubaya. Nilitaka tu kusikia jina yake ikitajwa mbele ya watu.

Basi tukaswali, wanamuke nyuma ya ukuta mubichi. Tukashuka sijida ya mwisho. Hapo umeme ukakatika. Spika kimya. Mvua inapiga mabati.

Tukangoja.

Nikafikiri: Shehe leo ana dhambi nyingi.

Mvua ikapunguka. Mara nje: pa! pa! pa!

Miaka hii ukisikia hivyo, unalala chini. Sisi tulikuwa chini tayari. Hakuna mutu aliinua kichwa. Nikadhani na wanaume wamelala. Huko nyuma mama moja akaanza kukoroma.

Kumbe wanaume walishamaliza zamani, wakaenda kula. Ile pa pa ni Kalasinga, mashini yake imefufuka.

Njaa ndo ilituokoa. Shehe alifika kwake, mulango imefungwa, ufunguo iko na bibi yake, Mama Zaina. Akarudi na matope mpaka magoti, wanaume wengine nyuma yake, wote hawajala. Wakatukuta tumelala kama magunia.

"Munafanya nini?"

"Tunakungoja useme Allahu akbar," Mama Zaina akajibu, mukeka imemuchora uso. "Kama hutaki nikuone musikitini, Shehe, na jikoni usinitafute."

Wanaume wakacheka. Shehe apana.

Mi nikauliza: "Shehe, Yusufu umeshamuombea?"

"Nimeshamuombea. Watu wote waliitika amina."

"Mi sikuitika. Sikusikia."

Akaangalia ukuta. Na mi nikaangalia. Imesimama vizuri, kusema kweli.

"Toa mustari moja ya matofali, ya juu," akasema polepole.

Nilitoa moja. Shehe amesimama pale mbele, simuoni. Nikatoa ingine, naona kofia. Simenti ilikuwa bado laini, nikaendelea. Paji. Pua. Nikaishia kwenye ndevu.

Akamuombea Yusufu tena, tumbo tupu. Jina nililisikia, na midomo niliiona ikilitaja. Niliitika amina kwa nguvu mpaka Kalasinga kule nje akazima mashini.

Ile mistari ingine niliyotoa, Shehe hajasema kitu. Kesho akisema nirudishe, nitamwambia simenti imeisha.