Pumzi ya Mama Yusta

Jumanne jioni

Kosa ni langu, si la Mama Yusta. Tangu ajifungue mtoto wa nne, mkojo unamtoka kila akikohoa au akinyanyua belo la mitumba kibandani kwake Katandala. Miezi miwili nimemfundisha hapa kliniki kukaza misuli ya nyonga, na hali imezidi kuwa mbaya.

Leo, kwa mara ya kwanza, nilimwekea kiganja tumboni wakati anafanya zoezi. Tumbo gumu kama jiwe, pumzi ameibana, anasukuma chini.

"Mama, nani alikwambia ubane pumzi?"

"Si wewe, nesi? Ulisema nikaze kwa nguvu zangu zote."

Ni kweli. Nilisema hivyo nimesimama mlangoni, macho yangu kwenye foleni.

Nikamwambia atoe pumzi taratibu, alegeze tumbo, kisha avute ndani kidogo tu, kama anayezuia mkojo. Akavuta. Akanitazama.

"Kumbe ni kidogo hivi?"

Nilimwomba radhi. Akasema yameisha, ila kwaya ameshaacha kwa aibu, na sare amempa mdogo wake. Pasaka wataimba bila yeye.

Na wale wanawake wengine niliowafundisha vilevile, wa kutoka Pito, wa kutoka Matai... Sijui hata majina yao.