Kamba Ambayo Sikuishika

Jumatatu, 4 Machi 1996

Nimeponda mawe tangu asubuhi. Mkono wa kulia umevimba. Si kitu. Leo Achieng wangu ameshuka shimoni.

Niandike tena nione vizuri. Ameshuka. Msichana. Amevaa suruali ya marehemu baba yake, msumeno mgongoni.

Hapa machimboni sisi wanawake tunaponda na kuosha. Kufika mdomoni mwa shimo, hapana. Wanasema dhahabu ikiona mwanamke inajificha. Kuna mstari wa majivu, na sisi tunakaa huku. Achieng alisomea useremala Ndhiwa, msichana peke yake kati ya wavulana, akawapita wote. Amekuwa akikata miti ya kuzuia kuta za shimo, wanaume wanaishusha na kuiweka ovyo. Juzi ukuta ukamwaga udongo, watu wakaponea chupuchupu. Mzee Nyangweso mwenye shimo akasema basi, aliyekata ashuke aweke mwenyewe.

Wanaume wanamwita Bwana Achieng. Anawaitikia.

Mimi sikuona chochote. Migongo ya wanaume tu. Lakini aliyemzaa ni mimi.

Alhamisi, 7 Machi

Soko la Migori. Sabuni, omena, chumvi. Nikakaa kidogo na wauza mahindi. Mmoja akaanza kusifu mtoto wake, karani kwa chifu. Karani, mtu wa kukaa kwa kiti. Nikashindwa kunyamaza. Nikasema wangu anaingia chini ya ardhi, mahali waume zao hawawezi kutia mguu. Wakacheka, ati naongeza chumvi. Basi nikaongeza kweli. Nikasema nilisimama mdomoni mwa shimo mimi mwenyewe, nikamfunga kamba kiunoni kwa mikono hii.

Hapo wakaacha kucheka. Nilirudi nyumbani nimeshiba bila kula.

Jumatatu, 11 Machi

Wanaume hawakushuka. Wamekaa juu ya mawe wanavuta sigara. Sikujua sababu mpaka Odero akaja.

Odero ni binamu ya marehemu mume wangu. Ndiye ukoo ulimchagua anirithi. Nilimkataa. Kanisa langu la Sabato halitaki mambo hayo, na mimi sitaki kuliko kanisa. Leo alikuwa anatabasamu kama mtu ameona sufuria iko mekoni.

Maneno yangu ya sokoni yamefika. Ati mjane hajarithiwa, bado ana chola, ule uchafu wa kifo, na ameshika kamba ya shimo. Atakayeshuka kwa kamba hiyo hatapanda tena.

Nikamwambia sikuishika. Yalikuwa maneno ya soko tu. Akasema, "Basi nenda uwaambie, shemeji. Wewe na huo mdomo wako, nani atakuamini?"

Nilienda. Nikasimama kwenye majivu, nikasema mbele ya wote kwamba nilidanganya. Mmoja akasema mama anamkinga mtoto wake. Mwingine akasema hata yeye angekana.

Nikisema kweli, mimi mwongo. Nikinyamaza, mimi uchafu. Kamba sikuishika, sasa yenyewe imenishika.

Naandika Kiswahili kwa sababu Odero anajua kusoma Kijaluo tu. Ajaribu basi.

Jumatano, 13 Machi

Mzee Nyangweso ameniita. Alinipa kiti, akaniita mama Achieng kwa Kijaluo, nikajua ni mabaya.

"Min Achieng, mimi na mtoto wako hatuna neno. Fundi kama yeye sina mwingine. Lakini watu hawashuki. Ukubali Odero mambo yaishe, ama msichana aende nyumbani."

Niliinuka nikaondoka. Naogopa ningejibu, ningesema ndiyo.

Ijumaa, 15 Machi

Nimemchukia kila mtu leo. Nimejichukia mimi zaidi.

Achieng amejua. Nani amemwambia, sijui, hapa hata kuku wanajua. Nilimkuta anapaka msumeno mafuta, anaufunga na gunia. Ati atarudi kutengeneza vitanda Ndhiwa. Kitanda kila mtu anatengeneza. Nikamwambia ningeweza kuvumilia Odero, wanawake wengi wamevumilia. Akaacha kufunga.

"Mama, ukimkubali kwa sababu yangu, mimi sishuki tena hata wakinibembeleza."

Kwa hiyo na mlango huo umefungwa. Mtoto mkaidi. Amenifuata mimi.

Jumamosi, 16 Machi

Kanisani. Nilimweleza mzee wa kanisa. Akasema kurithiwa ni dhambi, nisikubali. Nikafurahi. Halafu akasema msichana kuvaa suruali ni dhambi pia, atoke kule shimoni. Kila mtu ananifungulia mlango, na yote inaingia chumba kimoja.

Jumatatu, 18 Machi

Nilienda kwa mzee Nyangweso na nyundo yangu mkononi. Nilimwona anaiangalia. Nikaiweka chini mbele yake.

Nikamwambia wanachoogopa si mguu wa Achieng, ni wangu. Basi naondoa mguu wangu. Dada yangu ameolewa upande wa Kosele, kuna vyumba vya kupanga nyuma ya soko. Nitauza njugu. Machimboni sitakanyaga. Achieng ashuke.

Akaenda kuongea nao. Mimi nikangoja kwa jua. Aliporudi alisema wamekubali, lakini ile kamba ichomwe, inunuliwe mpya. Na jambo moja tena. Alikuwa na aibu kulisema. Nisitangaze. Popote, kwa yeyote. Wakisikia tena jina la shimo lao sokoni kutoka mdomo wangu, msichana anatoka siku hiyo hiyo.

Nikasema ndiyo. Miguu ilikuwa rahisi kutoa kuliko mdomo.

Odero amekasirika, hanisalimii. Hiyo peke yake imenifurahisha.

Jumapili, 21 Aprili

Kosele. Mvua. Njugu hazikauki.

Mama wa viazi anayekaa karibu nami ana mtoto nesi. Nimesikia habari za nesi tangu nifike. Leo akaniuliza, na wako anafanya nini. Nikasema anafanya kazi ya mbao. Akasema ni vizuri, mbao ina pesa kidogo. Nikamfungia mteja njugu.

Mchana Achieng akaja kuniona. Amekonda, mabega yamepanuka. Nikampa ugali na omena, halafu nikamkalisha kwa kigoda nimwoshe nywele. Ule udongo wa juu kule ni mwekundu, naujua, nimekaa ndani yake miaka. Uliotoka kichwani mwake ulikuwa wa kijivu, laini kama majivu mabichi. Huo uko chini kabisa, mahali mwamba wa dhahabu unaanza. Ulikuwa nyuma ya masikio, umeingia hata kwa shingo.

Mama wa viazi alipita na ndoo yake, akatuangalia. Akasema maji yamechafuka sana, nimwage.

Nikamwambia bado kidogo. Nikaendelea kuosha.